Kisa cha boksi la gramafoni lililopigwa msasa kabla ya kujulikana limepakwa nini

Usuli

Kisa hiki ni cha kazi niliyofanya mwenyewe kwenye karakana yangu hapa Dar. Majina, mtaa wa mteja na vitu vingine vya kumtambulisha nimeviondoa, na mwenye mali ameridhia niandike kwa masharti hayo. Naandika kwa mafundi wenzangu wa fanicha na kwa yeyote mwenye gramafoni ya kizamani nyumbani ambaye anafikiria kuipeleka ikapigwe laka, maana kila mwaka naletewa vitu ambavyo vingepona kabisa kama mtu angetumia dakika kumi tu kujaribu kwenye kona kabla hajashika msasa.

Mteja ni mama mtu mzima, nimwite Bi M. Alikuja na mwanawe wa kiume, nimwite K, wamebeba gramafoni ya mezani ya His Master's Voice, ile ambayo tarumbeta yake huioni, imefichwa ndani ya boksi nyuma ya kitambaa cha mbele, na juu kuna kifuniko cha bawaba. Boksi ni la mahogani, sehemu nyingine mbao nzima, sehemu nyingine vinia, yaani ganda jembamba la mbao nzuri, iliyogandishwa juu ya mbao ya kawaida. Kampuni yake ilikuwa na kiwanda Hayes, Uingereza, na huku pwani jina hilo wazee wanalijua vizuri kwa sababu 1928 Siti binti Saad alitoka Zanzibar akaenda Bombay kurekodi kwa His Master's Voice, santuri zikarudi zinaimba Kiswahili, watu wakawa na sababu ya kutafuta cha kuzipigia.

Hii ilikuwa ya marehemu babake Bi M, aliyekuwa na hoteli ndogo ya chai Kariakoo. Ilikaa juu ya meza pembeni ya kaunta na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Mzee alikuwa anazungusha hendeli kwa mkono wa kulia, wa kushoto anakandamiza kona ya boksi lisitembee, na miaka yote hiyo kiganja chake kikaacha doa jeusi laini kwenye ile kona ya kushoto, ukubwa wa kiganja kweli, ukiweka mkono wako unaingia. Naomba msomaji ulishike hilo doa maana ndo lililoamua nusu ya kazi hii.

Kabla haijafika kwangu K alishaipeleka kwa fundi mmoja, akaambiwa siku mbili tu. Fundi akaanza na kifuniko, akakipiga msasa wa mashine, akapaka sandisila, ile ya kuziba vitundu vya mbao, na laka, iking'aa hiyo. Bi M alipoenda kuiangalia akakuta kifuniko kimeshabadilika na fundi anajiandaa kushuka ubavuni, akasimamisha kazi palepale akaondoka na mali yake. Simlaumu sana yule fundi, aliambiwa ing'ae na yeye akaing'arisha.

Hali niliyoikuta

Ilikuwa katikati ya mwezi wa nne, mvua za masika zinanyesha. Niliiweka mezani tukaikagua wote watatu, kila kitu napiga picha.

Kifuniko kwa nje kina laka nene, chini ya laka unaona michoro ya mizunguko ya ile mashine ya msasa, na ukingo wa mbele vinia imekwisha kabisa, mstari wa kama sentimita 11 kwa 1 hivi ambapo mbao nyeupe ya chini imechungulia. Vinia za zamani mara nyingi hazifiki hata milimita moja, na mashine ya msasa inakula unene huo wakati fundi anageuka kujibu simu.

Kwa ndani kifuniko hakijaguswa, picha ya mbwa anayesikiliza tarumbeta, nembo ya kampuni, ipo, na maandishi ya dhahabu chini yake. Ubavu zote na mbele rangi ni nyeusi karibu kama mkaa, na ukiangalia kwa karibu unaona imepasukapasuka kama udongo wa mbuga kiangazi. Kona ya nyuma chini vinia imeachia gundi, imejikunja kama ukurasa wa kitabu kilicholowa, inaelekea iliwahi kukaa sakafuni kwenye unyevu. Kulikuwa na matundu machache ya wadudu, nikaliweka boksi juu ya karatasi nyeusi siku nne, halikudondosha unga wowote, kwa hiyo wadudu walishahama zamani.

Walichotaka

Hapa ndo pagumu maana wateja walikuwa wawili na kila mmoja ana lake.

K alikuwa wazi. "Fundi, kuna arusi ya mdogo wangu wiki tano zijazo, hii tunataka ikae mbele ukumbini, ing'ae kama gari limetoka bandarini."

Mama yeye alinyamaza muda mrefu. Nikamuuliza, mama wewe unasemaje? Akasema, "Kipya mwanangu nikitaka nitanunua dukani. Hiki nataka kiwe kisafi tu, nikikishika nijue ni kile cha baba."

Nikawaambia sitaahidi kitu mpaka nijue boksi limepakwa nini. Ila kwa K nilikubali zile wiki tano, na hilo nitalirudia huko mbele.

Kujua limepakwa nini

Jaribio lenyewe halina utaalamu wa ajabu. Chukua pamba ya masikioni, chovya kwenye spiriti, gusa mahali pasipoonekana, mimi niligusa chini ya ukingo wa nyuma, subiri nusu dakika. Pakianza kunata na pamba ikatoka na rangi ya kahawia, hiyo ni shelaki. Spiriti isipofanya kitu, jaribu thina. Ikiyeyuka na thina hiyo ni laka. Isipoyeyuka na yote mawili ila ikakunjamana tu au isishtuke kabisa, hapo una vanishi. Anza na spiriti siku zote, kwa sababu thina inaweza kuchokoza na shelaki pia halafu ukapata jibu la uongo.

Ubavu ukajibu shelaki. Kifuniko kwa nje kikajibu laka, kama tulivyotegemea.

Kwa ambaye hajaizoea, shelaki inatokana na utomvu wa wadudu wadogo wanaong'ang'ania matawi ya miti huko India na Thailand, unakwanguliwa, unayeyushwa, unasafishwa, unauzwa kama vipande vyembamba vikavu vinavyofanana na magamba ya samaki, rangi ya chai kavu isiyo na maziwa. Unavilowesha kwenye spiriti, unapaka, spiriti inaruka na shelaki inabaki. Sasa uzuri wake ni kwamba hata ikikaa miaka themanini ukiirudishia spiriti inalainika tena, tofauti na vanishi ambayo ikishakauka imekauka. Maana yake ni kwamba ile shelaki ya mwanzo iliyopasuka kama udongo, iliyopakwa kiwandani kabla babake Bi M hajainunua, inaweza kuyeyushwa palepale ilipo ikajifunga upya bila kuondolewa. Huna haja ya msasa hata kidogo.

Na tukiwa hapohapo, santuri zenyewe za zamani, zile za mizunguko 78 kwa dakika, zina shelaki ndani yake. K alikuja na santuri mbili za babu yake zimejaa ukungu na kichupa cha spiriti mkononi, anataka azifute zing'ae. Nilimshika mkono. Spiriti ileile inayoyeyusha boksi inakula na mifereji ya santuri, na mifereji ikishaliwa sauti ndo imekwenda. Tukazifuta kwa kitambaa chenye maji kidogo na tone la sabuni ya vyombo, lebo ya katikati tukaikinga isilowe.

Maamuzi na sababu zake

Niliwaandikia kwenye karatasi mambo matatu wakasaini wote wawili.

La kwanza, ubavu na mbele hatuvui kitu, tunasafisha na kuyeyusha shelaki ya mwanzo. Doa la kiganja linabaki. K aliuliza kwa nini tusilitoe kama tunaweza, mama akamjibu mwenyewe, mimi sikuongeza neno.

La pili, kifuniko kwa nje kinavuliwa laka yote kwa thina, kinawekwa kiraka, kinapakwa shelaki. Hapa njia zilikuwa tatu. Kubandua vinia yote ya kifuniko na kuweka mpya ndo kungetoa kitu kizuri zaidi machoni, lakini tungetupa mbao nzima ya mwanzo kwa sababu ya ukingo mmoja. Kuchora nyuzi kwa rangi juu ya ule mweupe ni haraka, ila mwanga wa pembeni unaiumbua. Tukachagua kiraka cha mkangazi. Mkangazi wetu ni mahogani ya Afrika, nyuzi zake zinakaribiana sana na zile za boksi, na nilikuwa na kipande cha mlango wa kabati la zamani kilichokwisha iva kwa umri.

La tatu, ndani ya kifuniko penye picha hapaguswi na kimiminika chochote. Kitambaa kikavu na nta basi.

Kazi ilivyokwenda

Kwanza tulitoa mashine. Springi niliiacha izunguke mpaka ikaisha nguvu yenyewe kabla sijagusa skrubu hata moja, maana ukifungua mota ikiwa imejaa inaweza kukukata vidole. Mkono wa sindano, sahani, hendeli, kila kitu na skrubu zake kwenye mfuko wake wenye jina.

Kusafisha kulichukua siku tatu. Nilitumia tapentaini na stilwaya laini kabisa ya namba 0000, kwa kufuata nyuzi, mkono mwepesi kama unamfuta mtoto uso. Tapentaini haiiyeyushi shelaki, inachukua mafuta, moshi na masizi tu. Vitambaa vilitoka vyeusi kabisa, na siku ya pili mchana ubavu wa kulia ukaanza kuonyesha wekundu wa mahogani chini. Bi M alikuwepo siku hiyo. Alisogea karibu akasema alikuwa hajui kama mbao ina rangi, tangu azaliwe anajua ni jeusi. Moshi wa mkaa wa hoteli ule.

Doa la kiganja nililizunguka. Nilisafisha mpaka ukingoni mwake nikapunguza nguvu polepole ili kusiwe na mstari, ndani ya doa nikapitisha kitambaa tu.

Kona ya nyuma ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Gundi ya zamani ni ya ngozi za wanyama, inachemshwa, na yenyewe inalainika kwa joto na unyevu hata baada ya miaka mingi. Niliingiza gundi mpya ya aina hiyohiyo kwa kisu chembamba, nikaweka kitambaa chenye unyevunyevu, nikapitisha pasi ya vuguvugu, nikaminya kwa klampu na kipande cha mbao, kesho yake imekaa. Mafundi wengi tunakimbilia gundi nyeupe. Inashika, sikatai, lakini haielewani na gundi ya zamani iliyobaki chini, na siku ikihitaji kufunguliwa tena utaivunja vinia.

Kuvua laka kwenye kifuniko nilifanyia nje kwa sababu ya harufu ya thina na hatari ya moto. Niliziba ndani kote kwa nailoni na tepu, thina isitambae kwenye picha. Laka ikatoka safi.

Kiraka sasa. Ukikata kiraka cha mstatili mnyoofu jicho linakiona kutoka mlangoni, kwa hiyo nilikata umbo la nusu ya ngalawa, upande ulionyooka unakaa ukingoni na upande wa tumbo unaingia ndani ukiwa mrefu mwembamba, ncha zote mbili zinafifia kwenye nyuzi. Nikaandaa mkangazi kwa randa hadi wembamba wa vinia, nikachora kwa wembe, nikachimba nafasi yake, ikaingia kwa kugongwa kidogo tu na kidole. Nilikuwa na furaha sana na kile kiungo.

Rangi yake ndo niliikosea. Niliilinganisha jioni chini ya taa ya tyubu, mbao ikiwa kavu, nikapaka rangi ya mbao ya unga nikaona imefanana. Asubuhi nilipopitisha shelaki ya kwanza kiraka kikawa chekundu kama matofali na kifuniko kingine kimekaa kahawia. Nikalazimika kukiosha kwa spiriti na kuanza upya, safari hii nje juani, na kila nikitaka kulinganisha napitisha spiriti juu ya mbao zote mbili kwanza, kwa sababu mbao iliyolowa spiriti inakuonyesha rangi itakavyokuwa chini ya shelaki. Hilo nilishalijua miaka mingi. Sikulifanya kwa sababu ya haraka.

Halafu kuyeyusha ubavu. Nilichanganya shelaki nyepesi, kama gramu 120 kwa lita moja ya spiriti, nikaizidishia spiriti tena, nikalaza boksi ili upande ninaoufanyia kazi uangalie juu, maana shelaki ikiyeyuka kwenye upande uliosimama inachuruzika. Brashi laini, unapitisha mara moja unaondoka, usirudi. Unaona kwa macho yako ile mipasuko inajifunga, sekunde chache tu, kama uji unavyojisawazisha kwenye bakuli. Upande mmoja kwa siku.

Upande wa kwanza na wa pili vizuri sana. Wa tatu nilifanya siku ya mvua, ndani ya dakika kumi ukawa mweupe kama mtu amepuliza poda. Ni unyevu wa hewani. Spiriti inaporuka inapoza uso wa mbao, mvuke unatua juu yake na maji yanafungiwa ndani ya shelaki. Na kosa lilikuwa mara mbili, kwa sababu ile spiriti niliyokuwa nimenunua haraka asubuhi ilikuwa ya duka la dawa, asilimia 70, yaani theluthi nzima karibu ni maji. Nilichofanya, nikaiacha siku nne mpaka jua likatoka, nikatafuta spiriti yenye nguvu, nikapitisha bunda la pamba lenye spiriti kidogo sana, haraka, kama ndege anagusa maji, weupe ukaondoka. Kuanzia hapo nikawa nafanya kazi kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana tu, siku isiyo na mvua.

Na sasa lile linaloniuma mpaka leo. Wiki ya nne, tarehe ya arusi inakaribia, nilikuwa namalizia ukingo wa juu wa kifuniko, nikaona vumbi ndani karibu na picha, nikalifuta kwa kitambaa kilichokuwa mkononi. Kitambaa kilikuwa na spiriti. Zile picha za kubandikwa zimekaa juu ya shelaki na zimefunikwa na shelaki, spiriti inakula zote mbili. Mpito mmoja wa mkono. Nilipoangalia kitambaa kuna chembe za dhahabu, na herufi ya mwisho ya maandishi imebaki nusu.

Nilikaa chini. Kisha nikapiga picha, nikampigia Bi M simu muda uleule, nikamwambia mama nimeharibu kitu ulichoniambia nisiguse, nakutumia picha. Alinyamaza, akaniuliza, "Mbwa yupo?" Nikasema yupo mzima. Akasema nitakuja kesho.

Alipokuja na K, K akasema si tuagize stika mpya, nje wanauza. Ni kweli zipo zinazotengenezwa sasa kwa ajili ya mashine hizi. Tuliongea muda mrefu. Nikawasimulia kuwa hata ile picha yenyewe ya mbwa, mchoraji wake Francis Barraud alipoiuza kwa kampuni 1899 alikuwa ameshaifuta mashine ya silinda aliyoichora mwanzo akachora gramafoni ya sahani juu yake, kwa hiyo kubadilisha si dhambi. Lakini kuweka picha mpya ilikuwa ni kukwangua ya zamani yote ili kuficha nusu herufi, na mama akakataa. Tukaiacha hivyo, nikafunika kwa nta peke yake.

Kumalizia boksi zima nilitumia bunda la pamba ndani ya kipande cha kanga kuukuu iliyofuliwa mpaka imelainika, shelaki nyepesi, mizunguko midogo na maumbo ya nane, matone mawili ya mafuta bunda lisinate. Mikono sita tu ya kupaka kwenye kifuniko, miwili ubavuni. Kisha stilwaya laini na nta ya nyuki ya Tabora iliyolainishwa kwa tapentaini, kupunguza ule mng'ao. Linawaka kwa ndani, si kama kioo.

Matokeo

Arusi ikapita bila gramafoni. Siku tano kabla ya tarehe shelaki ya ubavu wa nyuma bado ukibonyeza kwa ukucha inaacha alama, nikakataa kuitoa. K alikasirika na alikuwa na haki, mimi ndiye niliyekubali wiki tano. Niliwapunguzia laki moja kwenye hela ya ufundi kwa ajili ya tarehe na nyingine hamsini kwa ajili ya herufi, hawakuomba, nilipunguza mwenyewe.

Jumla ilichukua wiki nane. Siku ya kuichukua tulirudisha mashine ndani, tukaweka sindano mpya, K akazungusha hendeli. Mkono wake wa kushoto ulienda wenyewe kwenye kona, pale kwenye doa, maana ukizungusha hakuna pengine pa kushikia. Mama alikuwa anaangalia mkono, hakuwa anaangalia boksi.

Kiraka kinaonekana ukikitafuta dirishani asubuhi. Ukungu mweupe haujarudi. Kona ya nyuma nimeikagua mara moja baada ya vuli, imeshika.

Uchambuzi

Kilichosaidia zaidi ni lile jaribio la pamba na spiriti, na ninalitaja kwanza kwa sababu lilibadilisha kazi nzima. Kama tungefuata njia ya kawaida ya karakana zetu, yaani vua, piga msasa, sandisila, laka, boksi lingeisha kwa siku nne na lingependeza kwa macho ya ukumbini, lakini shelaki ya kiwandani ingekuwa imekwenda, kiganja cha mzee kingekuwa kwenye pipa la vumbi la mbao, na kwa mtu anayekusanya mashine hizi thamani yake ingeshuka vilevile. Yule fundi wa kwanza hakukosa ufundi, laka yake ilikuwa imetulia vizuri tu. Alikosa swali.

Kusaini kwa wateja wote wawili nako kulisaidia. Bila ile karatasi, siku K alipokasirika tungeanza kubishana doa lilibaki kwa amri ya nani. Mkiletewa kitu cha urithi hakikisheni mnajua mwenye neno la mwisho ni nani kabla ya kuuliza rangi, na mara nyingi siye anayelipa.

Kilichoharibika kina mzizi mmoja, nao ni tarehe. Shelaki mwezi wa nne Dar ni kazi ya kuvizia jua, huwezi kuipangia wiki. Nilijua. Lakini kijana alikuwa na shauku, arusi ni jambo la heri, nikaona aibu kukataa, na kila kosa lililofuata lilitoka humo: rangi nililinganisha usiku kwa haraka, spiriti ya duka la dawa nilinunua kwa haraka, ubavu wa tatu niliufanya siku ya mvua kwa haraka. Ningesema siku ileile "arusini haitafika", K angenuna dakika tano akatafuta pambo lingine.

Kitambaa ni kosa la aina nyingine, ni mpangilio wa meza. Nilikuwa na vitambaa vya aina moja vyote vyeupe, vya spiriti, vya nta, vya kavu, vyote kwenye ndoo moja. Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu kwamba picha haiguswi na kimiminika, nikaigusa, kwa hiyo karatasi peke yake haikinzi kitu kama mkono unaweza kukosea. Sasa vya spiriti nakata kutoka kwenye kitambaa chekundu tu na vinakaa kwenye kopo lenye mfuniko mbali na meza, na picha au nembo yoyote naiwekea kadi ngumu juu yake imefungwa kwa uzi siku ya kwanza kabisa, inatoka siku ya mwisho. Kwenye kazi hii ile nailoni niliitoa mara tu laka ilipoisha kuvuliwa, nikijua hatari imepita, kumbe bado nilikuwa na wiki mbili za spiriti mbele yangu.

Kuhusu kubakisha nusu herufi, mafundi wenzangu wawili niliowaonyesha waligawanyika, mmoja anasema ningeichora kwa brashi nyembamba na rangi ya dhahabu. Inawezekana, na si kazi ngumu. Mimi naona kama ningeichora vizuri ningekuwa nimeficha kosa langu kwenye mali ya mtu, na Bi M alishasema yake.

Mwezi wa tatu mwaka huu nimeletewa gramafoni nyingine, hii ya mwaloni, na nembo yake iko nje, mbele. Nimeijaribu kwa pamba, ni shelaki tena. Imefunikwa kwa shuka juu ya kabati la karakana, kadi imefungwa juu ya nembo, na wenyewe nimewaambia sigusi mpaka mwezi wa sita mvua zikishakatika.